Mtoto mchanga kwenye ziara ya bendi: jinsi tunavyopanga

Watu wakisikia mwimbaji na mpiga gitaa la solo wana mtoto anayenyonya na bado wanazunguka mikoani na bendi, swali la kwanza ni kelele, la pili ni vumbi. Kelele ina dawa yake. Kinachovunja ziara ni saa 12 asubuhi. Shoo ya dansi inaanza saa 3 usiku na kwisha saa 9, gesti mnafika saa 10 alfajiri, na baada ya saa mbili mtoto kaamka, ana njaa na anataka kucheza. Siku mbili mnavumilia. Ya tatu sauti ya mwimbaji imekauka na mwenzake anasinzia huku kashika kikombe cha uji. Ndiyo maana mpango wetu wote unaanzia asubuhi na kurudi nyuma.

Kila asubuhi ina mwenyewe, na anajulikana kabla ya shoo. Gitaa la solo linahitajika hadi wimbo wa mwisho, lakini mwimbaji anaweza kushuka mapema. Tunakubaliana na kiongozi wa bendi nyimbo zake zote zipigwe awamu ya kwanza, saa 3 na nusu hadi saa 6, kisha dereva amrudishe gesti. Asubuhi ni yake. Mpiga solo analala bila kuguswa hadi saa 5, halafu anamchukua mtoto ili mama apate saa mbili za usingizi kabla ya saundi cheki. Hasara ipo: watu huwatuza wanamuziki kwa pesa zaidi usiku ukishakolea, na aliyeshuka saa 6 hatuzwi. Tumeikubali.

Maziwa ndiyo yanayotaka hesabu. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hutumia kiasi cha mililita 30 kwa saa. Mama akiwa nje saa nne, mtoto kabaki gesti na dada anayelea, hiyo ni mililita 120. Sisi tunaacha 180, katika vichupa vitatu vya 60. Kichupa kimoja kikubwa ni kosa, maana mtoto akinywa nusu, iliyobaki inamwagwa. Tunaanza kukamua siku mbili kabla ya safari, asubuhi, matiti yakiwa yamejaa. Maziwa yanakaa kwenye friji siku nne. Ndani ya deli (sanduku la kutunza baridi) lenye barafu ya kutosha yanafika saa 24. Yakiwa wazi chumbani, saa nne ni kwa hewa isiyozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam au Tanga usiku wa Februari mara nyingi chumba kina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo sisi tunahesabu saa mbili tu.

Barafu tunayotumia ni chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zilizogandishwa. Vipande vya barafu vinayeyuka na kuvifanya vichupa vielee kwenye maji. Chupa iliyoganda inabaki kavu na ikiyeyuka unakunywa. Vichupa vya maziwa vinakaa katikati ya hizo mbili, deli linajazwa nguo juu ili pasibaki hewa. Ukifika gesti, kabla hata ya kuuliza chumba, uliza friza la kaunta ya vinywaji na umpe mhudumu chupa zako. Kupasha, weka kichupa kwenye bakuli la maji ya moto uliyoyaacha yapoe kidogo. Usichemshe. Kunywesha tunatumia kikombe kidogo na kijiko, kwa sababu chuchu ya chupa haisafishiki vizuri kwa maji ya gesti.

Upande wa pili wa hesabu ni matiti yenyewe. Mwimbaji akiruka zamu mbili za kunyonyesha, titi linakuwa gumu, linauma anapovuta pumzi ndefu, na maziwa yanapenya kwenye gauni mbele ya watu. Likiachwa hivyo siku mbili tatu, linaweza kuleta homa na uvimbe. Anakamua kwa dakika 15 kabla ya kupanda jukwaani, na mara moja kwenye mapumziko. Gauni la jukwaani linashonwa na zipu mbele, kitambaa chenye maua, maana rangi moja ya satini inaonyesha kila tone.

Turudi kwenye kelele. Kiwango kinachokubalika kwa mtu mzima kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15. Jukwaani kwetu 100 ni jambo la kawaida. Vikinga masikio vya mtoto, vile vya kichwani, vinapunguza desibeli 20 hivi, lakini zaidi sauti za juu, besi inapita. Wengi wanamlaza mtoto nyuma ya jukwaa wakidhani spika zinatazama mbele. Spika za besi hazina mbele wala nyuma, zinatoa pande zote. Kwa hiyo mtoto wetu halali ukumbini hata kidogo. Anakuja kwenye saundi cheki nusu saa, amevaa vikinga, akiwa mbali na ngoma, basi. Vile vya sponji vya kuingiza sikioni si vya mtoto mdogo, atavitia mdomoni.

Hapo ndipo mkataba unapoingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini mwanamuziki anayelipwa kwa shoo hana barua ya ajira. Sheria yake ni karatasi aliyosaini na prometa. Tunaandika: gesti isiyo kwenye ukumbi wenyewe, vyumba viwili vya nyuma, birika la umeme, gari la kurudi saa 6, chakula na kitanda cha dada anayelea. Mara nyingi prometa anatoa vyumba vilivyo juu ya baa ya shoo kwa sababu ni vya bure kwake. Posho ya dada iwe kwenye bei ya shoo. Ikikatwa kwenye mgawo wa bendi, mpiga ngoma asiye na mtoto ataona anakulelea mwanao, na ana haki ya kuona hivyo.

Barabarani hatuondoki baada ya shoo, dereva aliyekesha ni hatari kuliko kuchelewa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, tunalala Iringa. Kwenda Dodoma, tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, vyombo vinakwenda na kosta, mama, mtoto na dada wanapanda treni na kufika ndani ya saa nne hivi. Kwenye kosta, mtoto hakai mbele karibu na boneti ya injini, kuna joto na harufu ya dizeli. Kwa aliyepita miezi sita, chakula cha stendi ni kile chenye ganda lake: ndizi, parachichi, yai la kuchemsha. Unga wa uji tunaupima nyumbani, mfuko mmoja kwa mlo mmoja.

Mfuko wa dawa ni mdogo: kipima joto, pakiti nne za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha), zinki, dawa ya maji ya parasetamoli. Hii ya mwisho inapimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo, kila saa sita. Mtoto wa kilo 8 anapata miligramu 120, ambazo kwenye chupa ya 120 kwa mililita 5 ni kijiko kimoja cha dawa. Soma chupa, ziko za nguvu tofauti. Homa ikizuka, kipimo cha malaria kwanza, siku hiyohiyo. Kadi ya kliniki inasafiri nasi. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 inaweza kudungwa kituo chochote ukiwa na kadi hiyo.

Vinavyosahaulika gesti ni viwili: chandarua kilichobaki kinaning'inia, na koo la pampu ya maziwa (faneli inayokaa kwenye titi) lililoanikwa bafuni. Mwenye asubuhi anavihesabu kabla ya kurudisha ufunguo.