Mwewe alinifundisha nisubiri

Asubuhi ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia mbili za mwewe, na sikubakiza hata moja. Nyingine zilikuwa anga tupu, nyingine ncha ya bawa tu. Zile chache zilizompata ndege mzima zilimwonyesha mweusi tii, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nilikuwa na kamera ya kawaida na lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300, nikaamini kabisa kwamba kasoro ni lenzi. Lenzi hiyohiyo ndiyo ninayotumia hadi leo.

Weusi ule ndio niliouelewa kwanza. Anga jeupe likijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni ndege. Nikaanza kuongeza mwanga kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa: +1 siku ya kawaida, karibu +2 kukiwa na mawingu meupe. Hapo michirizi ya manyoya chini ya bawa ikaanza kuonekana. Ila akishuka mbele ya miti yenye kivuli, rudisha sifuri upesi, la sivyo rangi zake zote zitapauka.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, nayo nilikuwa nimeiacha 1/500 ya sekunde. Kwa mwewe anayeelea, 1/1000 inaweza kutosha. Akipiga mabawa au akigeuka ghafla, mimi sishuki chini ya 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiacha ijipandishe yenyewe. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, jicho lililofifia halina dawa. Fokasi nimeiweka ile inayoendelea kumfuata ndege, na nimefanya mazoezi kwa njiwa na kunguru: miguu nimeitanua, viwiko nimevibana mbavuni, nageuka kuanzia kiunoni, namfuata tangu akiwa mbali kabla sijabonyeza chochote.

Hayo yote yalinipa picha safi za ndege anayeenda zake. Mgongo na mkia, mgongo na mkia, wiki nzima.

Mabadiliko yalikuja siku betri iliponiishia mapema. Mwewe mmoja alikuwa juu ya mti mkavu, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikaa chini nikamtazama tu. Alikuwa ameuelekea upepo. Alijichambua manyoya kwa muda mrefu, mdomo ukipita unyoya mmoja baada ya mwingine, kisha akaacha. Akayabana mwilini hadi akaonekana mwembamba, akainama mbele, akainua mkia, akaachia kinyesi cheupe, na baada ya sekunde chache akaondoka. Alirudi mara mbili kwenye tawi lilelile, na mara zote mbili mambo yakaenda kwa mpangilio uleule. Nilitetemeka kwa furaha, na kamera yenyewe imekufa mkononi.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni upepo unatoka wapi. Ndege huruka akiukabili upepo ili upate kumwinua, kwa hiyo upepo ukiwa mgongoni mwangu, na jua pia mgongoni, atakapoachia tawi atakuja upande wangu. Nikiona mkia unainuka, naanza kupiga. Lenzi huwa nimeirudisha kidogo, kwenye 200 hivi, maana mabawa yakifunguka huhitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Akiwa angani nautazama mkia wake wenye panda: huupinda kama usukani, na ukiupata mpindo ule unajua anageukia wapi.

Saa nazo nimezijua. Natoka alfajiri, kwa sababu ardhi ikishapata joto hewa ya moto hupanda, na mwewe hupanda nayo hadi akawa nukta. Joto hilohilo huifanya hewa icheze, na picha ya mbali hupoteza ukali hata ukiwa na kamera ya namna gani.

Kumkaribia siendi moja kwa moja. Napita upandeupande, nasimama, natazama pengine. Akiacha kujichambua na kunikazia macho, nimefika mwisho wangu, sisogei tena. Gari likiwepo nabaki ndani, lenzi juu ya mfuko wa mchanga dirishani. Mara nyingi gari halimtishi kama anavyotishwa na mtu anayetembea. Kwenye kiota sikai. Siku moja nilijikuta chini ya kimoja bila kujua, mama akawa anazunguka juu yangu akilia. Wakati anazunguka, mayai yanapoa au makinda yanapigwa na jua. Niliondoka palepale na sijarudi upande ule.

Picha ya kwanza niliyoibakiza imetoka kwenye mfululizo wa picha tisa. Katika moja jicho lina utando mweupe, nikadhani ndege ni mgonjwa; kumbe ni kope la tatu, hupita juu ya jicho kulisafisha na kulikinga. Ninayoipenda ni ile inayofuata. Mabawa yamefunguka yote, jicho liko wazi, na ukiikuza utaona kucha moja ya mguu wa kushoto bado imegusa tawi.