Nilivyowafundisha wanangu umeme na moto bila kuwatisha

Kila mtu hapa Ngamiani, Tanga, alikuwa na dawa yake. Jirani akasema mtoto akisogelea soketi mchape mkono, hatarudia. Shangazi yangu akanishauri niwaambie mle tunduni mna jini. Nia zao njema, lakini ushauri huo ni mbaya na nawaomba wazazi wenzangu tuuache. Mtoto aliyetishwa haachi kuchezea kiberiti, anahamia uvunguni asionekane. Moto ukishika godoro anajibanza palepale badala ya kukuita, kwa sababu fimbo anaiogopa kuliko moto. Mimi nilitaka watoto wanaokuja kuniambia.

Nikamwendea fundi umeme wa mtaani, nikamwomba soketi chakavu na plagi iliyokatwa waya. Akanipa bure. Tukaketi ukumbini na bisibisi, tukaifungua ile soketi ikabaki utumbo wazi. Mkubwa wangu, yuko darasa la tano, akawa anaingiza plagi polepole huku mdogo wake anammulikia kwa tochi ya simu. Pini ya juu ni ndefu, kwa hiyo inatangulia. Ikizama, inasukuma kijifuniko cha plastiki kilichoziba yale matundu mawili ya chini, kisha zile fupi zinapita. Akaichomoa, kifuniko kikarudi. Akairudisha tena. "Mama, kumbe kuna mlango!" Nikamwambia ndiyo, na mlango huo uliwekwa kuzuia misumari na vijiti vya watoto.

Sasa angalia tunachofanya watu wazima. Chaja ya pini mbili ikikataa kuingia, tunachukua kalamu tunachokonoa tundu la juu ili mlango ufunguke. Mtoto yuko pembeni anatazama, na kesho atafanya vilevile kwa msumari. Mjomba wao alipokuja na kalamu yake, mwanangu wa kati alimwamkia kwanza, ndipo akamwambia, "Mjomba, mama hataki, tumia adapta." Nilifurahi mno. Adapta ni elfu mbili au tatu, kutegemea duka.

Mengine niliwaeleza na sababu zake. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na ngozi iliyolowa inaupitisha kirahisi kuliko ngozi kavu, kwa hiyo ukitoka kuoga swichi huigusi. Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike, utanasa naye; piga kelele, aliye mkubwa akimbilie swichi kuu. Na soketi ikianza kunuka, kuungua rangi au kulia chichichi, niite hata kama nimelala.

Hili la mwisho lilitulipa. Nilikuwa uani nakaanga samaki, wa kati akaja: "Mama, nyuma ya friji kunanuka plastiki." Nikazima swichi kuu, nikamwita fundi. Alipoifungua ile soketi, skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea na kushika kutu, si mnajua hewa yetu ya bahari, na ganda la waya limekuwa jeusi na kukatika kama kaukau. Waya uliolegea unapata joto mahali pale pale unapogusana, akasema fundi, na moto huanza hivyo hivyo kimyakimya. Matengenezo yalikula elfu ishirini na kitu. Mtoto wangu nilimshukuru mbele ya fundi, kwa sauti, asikie.

Moshi ndio uliokuwa mgumu kuufundisha. Niliwaambia ukiona moshi tambaa, wakaitikia kama wanavyoitikia kila kitu, nikaona halijaingia. Basi Alhamisi jioni, wakati wa kufukiza ubani, nikazima pangaboi, nikafunga madirisha ya chumba, nikaweka chetezo mezani, nikawalaza watoto chali kwenye mkeka. Moshi ukapanda mpaka kwenye dari, ukatandaa, ukaanza kushuka kama shuka la kijivu. Chini kwenye mkeka hewa safi. Nikamwambia mkubwa asimame: macho yakamwasha, akakohoa kidogo, akarudi chini mwenyewe bila kuambiwa. Sikuhitaji kuhubiri. Nikatoa chetezo, nikafungua madirisha, chumba kikapumua.

Kisha nikawafunga macho kwa mitandio. Zoezi ni kutambaa kutoka kitandani hadi mlango wa mbele, mkono mmoja haubanduki ukutani, kwa sababu ukuta lazima utakufikisha mlangoni na katikati ya chumba unapotea. Kitindamimba akapita chini ya meza ya chakula, akaunusa mlango wa jikoni, akageuka, akafika wa kwanza. Tunalirudia mara kwa mara, na siku umeme ukikatika usiku ndiyo raha yao.

Hapo ndipo nilipogombana na baba watoto kuhusu funguo. Madirisha yetu yana nondo, kama ya watu wote, kwa hiyo njia ni mlango tu, na geti la mlango tunalifunga kwa kufuli. Yeye alikuwa analala na funguo chini ya mto, anaogopa wezi. Nikamuuliza, ukizidiwa na moshi wewe, hawa watatokea wapi? Tukakubaliana msumari ukutani, kimo cha kitindamimba, mbali na dirisha hata mkono wa mwizi usifike. Watoto wote wanajua kufungua lile kufuli gizani. Nenda kaangalie funguo zako ziko wapi leo.

Jikoni: mafuta yakishika moto kwenye karai, zima jiko na ufunike, usimwage maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka ghafla na kuyarusha yakiwaka. Gesi ikinuka, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Fungua milango, toka nje, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni. Na kuhusu kuungua, tafadhali acheni dawa ya meno, yai na unga wa ngano! Maji ya bomba ya kawaida, yatiririke dakika 20, kisha hospitali ikiwa kidonda ni kikubwa.

Namba ya Zimamoto ni 114, nayo haitoshi kuikariri. Mtoto lazima ajue kusema yuko wapi, na sisi wa Ngamiani tumerahisishiwa kwa kuwa barabara zetu zina namba. Tunafanya mazoezi simu ikiwa imezimwa: mmoja anakuwa Zimamoto anauliza, mwingine anajibu barabara ya ngapi, nyumba inatazamana na nini, nini kinaungua, na kama kuna mtu amebaki ndani. Kitindamimba bado anachanganya mwembe wetu na wa jirani, ndiyo tunalolifanyia kazi wiki hii.