Jina la binti yangu kwenye kifurushi

Hapa Tennessee, Marekani, ninakofanya kazi ya uuguzi, nimejifunza kuliogopa sanduku la barua. Kwa miezi mitano baada ya kujifungua, kila nikilifungua ni bili: ya hospitali, ya daktari wa ganzi peke yake, ya maabara peke yake. Nyumbani unalipia dirisha moja, unabeba mtoto, mambo yamekwisha. Kwa hiyo siku niliyokuta kifurushi chenye jina la binti yangu, mtoto ambaye hata kukaa bado, nilishtuka sana. Nilidhani wameanza kumdai na yeye.

Kilikuwa kitabu cha hadithi. Kipya, cha rangi, na hakuna pahali pameandikwa nilipe. Mnajua bei ya kitabu kama hicho Nairobi. Nikampigia mwenzangu wa zamu ya usiku, akaniambia, “Hivyo ni vya Dolly. Kitakuja kila mwezi mpaka afike miaka mitano.” Ndipo nikaikumbuka ile fomu niliyojaziwa wodini nikiwa hoi.

Dolly Parton! Yule yule mwimbaji wa kantri wa kanda za baba, Nyandarua, redio ikiwa juu ya kabati na betri zimeanikwa juani. Wimbo wa koti la viraka, Coat of Many Colors wa 1971, tuliuimba bila kuyajua maneno. Siku hizi nayajua. Alizaliwa 1946 katika milima ya wilaya ya Sevier, hapa hapa Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Koti lenyewe mama alilishona kwa vipande vya nguo, na shuleni watoto wakamcheka. Wimbo huo aliuandika akiwa safarini kwenye basi, nyuma ya risiti ya dobi, kwa kuwa hakuwa na karatasi. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Kwa ajili yake Dolly alianzisha mpango huu wa vitabu mwaka 1995, kwanza kwa watoto wa wilaya yao tu. Sasa vitabu vilivyotolewa vimepita milioni 200.

Lakini linaloniuma na kunipa moyo kwa pamoja ni habari ya 1974. Alikuwa ameandika I Will Always Love You kumuaga Porter Wagoner, aliyemwajiri kwenye kipindi chake cha televisheni tangu 1967. Wimbo ukafika namba moja kwenye chati za kantri. Mwimbaji maarufu Elvis Presley akautaka. Kisha meneja wa Elvis akapiga simu: hatarekodi asipopewa nusu ya haki za wimbo. Elvis, jamani! Dolly, mwenye miaka 28, alikataa, akalia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, ukakaa namba moja wiki 14, na mirabaha ya mtunzi ikaenda kwa mtunzi. Sisi tunajua wanamuziki wetu wanavyougua na harambee zinavyoitishwa.

Mimi nilikuwa na miaka 29 nilipoletewa mkataba wa uuguzi na wakala. Kurasa 22. Nilitia sahihi jioni ile ile, kwa sababu tiketi ilikuwa imeshatajwa. Ukurasa wa 17 unasema nikiacha kazi kabla ya miaka mitatu ninalipa faini ya maelfu ya dola. Imebaki miezi kumi na moja. Nyinyi mnaosubiri huko, wakala akikuharakisha, usitie sahihi. Mpelekee wakili, hata kama utauza mbuzi. Uliza ukivunja mkataba unalipa nini, na uliza saa za ziada zinalipwaje. Viza ikichelewa mwezi, acha ichelewe.

Vitabu sasa vimefika tisa. Mama yangu alipoviona kwenye simu, aliuliza mara mbili nani anayelipa. Nikamwambia ni yule mama wa kanda za baba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, akimaliza kuvisoma, usivitupe. Huku kuna watoto wa dada yako.”

Nimeshaanza kuvipanga kwenye boksi. Kuna mtu wa kanisani anasafiri Julai, na amekubali kunibebea kilo tano.