Kumbukumbu ya mradi: kijitabu cha kutisha, kurasa 24, nakala 40

Mradi ni kijitabu cha A5 chenye hadithi fupi fupi za kutisha na mashairi ya giza, picha zake zikichapwa kwa mkono kwa vibao vya lino, yaani linoliamu ya kuchonga. Karatasi sita za A4 zinakunjwa katikati na kupata kurasa 24, juu yake jalada la karatasi ya gramu 200. Idadi ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Anayeandika kwanza na kuhesabu baadaye huishia na kurasa 22, kisha hujaza mbili kwa maneno ya shukrani, na hakuna kitu kinachoua hofu kama shukrani.

Wiki ya 1: maandishi ya nathari

Ukurasa wa A5 wenye pambizo ya milimita 20 upande wa mshono na 15 upande wa nje, fonti ya ukubwa wa 10.5, unabeba takriban maneno 240 pamoja na kichwa. Basi hicho ndicho kipimo: hadithi tano za ukurasa mmoja na mbili za kurasa mbili. Rasimu nyingi zilikuja na maneno 400. Kilichokatwa kwanza ni aya ya utangulizi inayoeleza hali ya hewa, kisha kila "ghafla", kisha kila mahali msomaji anapoambiwa kwamba mhusika aliogopa.

Majina ya viumbe nayo yamepungua sana. Popobawa lilipotajwa Pemba mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi, lakini leo jina hilo kwenye karatasi huleta kicheko kabla ya hofu. Mumiani bado ana nguvu kidogo, na sababu yake inafaa kuigwa: masimulizi ya wanyonya damu wa enzi ya ukoloni, wale walioitwa wazimamoto Kenya na Uganda, yalijaa gari, sare, ndoo na mpira wa maji. Vitu vya kazini. Hadithi ya tatu imeondolewa jini wake kabisa, akabaki mtu mwenye fomu na kalamu anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu vitanda.

Kazi kubwa ya wiki imekuwa ngeli. Kiambishi "hu-" cha mazoea hakioneshi ngeli hata kidogo. "Hubisha hodi saa tisa usiku" haisemi kama anayebisha ni mtu au ni kitu, na hadithi nzima ya maneno 240 inaweza kukaa juu ya "hu-" hiyo mpaka mstari unaotaka kufichua. Njia ya pili ni kubadili upatanisho njiani: "Mgeni alipokelewa, akapewa mkeka, akala. Usiku kikaamka." Silabi moja tu imehama. Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kufanya hivyo mara mbili katika kijitabu kimoja; mara ya pili msomaji anaona ufundi, haoni kitu kilichoamka. La pili ni mhariri mwenye nia njema, au programu ya kusahihisha tahajia, kurudisha "akaamka". Andika pembeni mwa rasimu: iachwe hivi.

Wiki ya 2: mashairi

Shairi la vina na mizani lina shida yake katika kutisha. Vina humwambia msikilizaji kinachokuja: ukishasema "-mo" mara mbili, sikio limekwisha kuingojea ya tatu, na anayengojea hashtuki. Njia tuliyoichagua ni msuko, yaani kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) kifupi kuliko mishororo mingine. Mishororo mitatu ina mizani 16 kila mmoja, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho vimetunzwa bila hila. Kisha sauti inakatwa:

Nyumba ya nyuma ya shimo, taa yawaka usiku,
Na waliozikwa wamo, waliza vyao vikuku,
Hata mama yako yumo, akuita kila siku,
Usiitike.

Kituo cha rasimu kilikuwa na mizani 16 na kilieleza kwamba mama amekwisha kufa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa; mshororo wa pili umeshasema. Mizani tano zinatosha, na zinaegemea katazo ambalo wengi walilisikia utotoni, la kutoitikia jina lako likiitwa gizani. Mwenye kushika kanuni sana ataliita guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani, kwa sababu kituo hakina kina. Ni guni, na mahali pake ni hapo peke yake. Mshororo mmoja ukiwa na mizani 15 kwa bahati mbaya, kituo cha mizani tano nacho kitasomeka kama bahati mbaya. Kwa hiyo kila mshororo umehesabiwa kwa vidole, mtu mwingine akisoma kwa sauti: "m" ya "mpigaji" ni mizani kamili, "mba" ya "nyumba" ni moja, "taa" ni mbili. Makosa manane yamepatikana katika beti 31, matano yakiwa kwenye maneno yenye irabu mbili zinazofuatana.

Bahari (aina ya shairi) ya pindu imejaribiwa kwa shairi la kisima, pale maneno ya mwisho wa ubeti yanapoanza ubeti unaofuata. Inafaa kwa kitu kinachorudi rudi. Beti nne zinatosha, ya tano inachosha.

Kwa wanaodhani giza ni jambo geni katika ushairi wetu, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate inatosha kuwanyamazisha. Hutisha kwa kukagua nyumba chumba kwa chumba: vidaka vilivyowekwa vyombo vya kaure sasa wamelala makinda ya ndege. Hakuna mzimu pale. Kuna hesabu ya vitu tu, na mishororo yake ni mifupi kuliko ya shairi la kawaida, mizani 11 zilizokatwa sita kwa tano.

Wiki ya 3: kupanga kurasa

Hadithi ya ukurasa mmoja isiwe na sentensi fupi ya mshtuko iliyosimama peke yake chini. Jicho huirukia kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Iunganishwe na aya iliyotangulia. Hadithi ya kurasa mbili ianze ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, ili mwisho upatikane kwa kufunua.

Kwenye kila upande wa karatasi, namba mbili za kurasa zikijumlishwa zitoe 25: 24 na 1, 2 na 23, mpaka 12 na 13. Jumla isipokuwa 25, mpangilio una kosa. Printa iwekwe igeuze karatasi kwa ukingo mfupi. Ikigeuza kwa ukingo mrefu, nyuma hutoka kichwa chini miguu juu. Chapa seti moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize nyingine. Karatasi za ndani ni 240, zimechapwa 260 kwa ajili ya zitakazoharibika.

Maandishi yachapwe kwanza, lino baadaye. Karatasi yenye wino wa mafuta ikipita kwenye printa ya leza, joto huulainisha wino ukabaki kwenye rola za ndani, na kila karatasi itakayofuata hutoka na kivuli. (Kivuli hicho kinapendeza. Bili ya fundi haipendezi.)

Wiki ya 4 na ya 5: lino

Vibao viwili vya lino ya unene wa milimita 3.2: kimoja cha jalada, 120 kwa 160, na kimoja cha kurasa 12 na 13, 240 kwa 150. Picha imehamishwa kwa kaboni ikiwa imegeuzwa, kwa kuwa chapa hutoka kinyume. Lino baridi hukatika vipande vipande. Dakika kumi juani hulainika. Uso wake umepakwa rangi hafifu ya maji ili kila kilichochongwa kionekane.

Bobari (patasi ya kuchongea) ya ncha ya V imefuata mistari, ya U imefagia sehemu pana. Kina ni milimita moja hadi moja na nusu. Ukiona nyuzi za gunia la chini umezidi. Ukingo wa mstari uteremke kwa nje kama mteremko wa kilima. Ukichimba chini ya mstari, utamomonyoka chapa ya kumi na tano. Mkono unaoshika kibao ukae nyuma ya ncha daima.

Chapa ya majaribio ya kibao cha kwanza ilitoka kama picha ya asubuhi. Mlango ulichongwa, ukuta ukachongwa, hata ardhi. Kwenye lino kila unachotoa ni mwanga, na aliyezoea penseli huchonga giza akidhani analichora. Kibao kikaanzwa upya: mstari mmoja mweupe wa mlango ulioachwa wazi kidogo, vidole vinne chini, karibu robo tatu ya kibao haikuguswa.

Weusi mpana una adha yake. Chapa za kwanza zilijaa vitone vyeupe kama chumvi. Kuongeza wino kwa wingi kuliziba vidole vile. Dawa imekuwa tabaka jembamba mara tano au sita, rola ikigeuzwa upande kila mara. Isikilize rola juu ya kioo: mchakacho mdogo kama wa hariri ni sawa, ikitoa sauti ya kunata kama gundi wino umezidi. Shinikizo limetoka kwenye mgongo wa mwiko, ukisugua kwa miduara midogo kuanzia katikati, karatasi ikiwa imeshikwa na pembe ya kadibodi iliyobandikwa mezani. Pembe ikilegea unapata mlango wenye kivuli cha mlango. Nakala sita zimeharibika hivyo. Mbili tumezitunza.

Wino wa maji uliachwa siku ya kwanza. Katika joto la mchana hukauka kwenye kioo kabla ya kufika kwenye kibao. Wino wa mafuta, tyubu moja ya mililita 75, umetosha vibao vyote viwili.

Weusi wa kurasa 12 na 13 unaonekana kwa nyuma kwenye karatasi ya gramu 80. Kwa hiyo ukurasa wa 11 umepewa mstari mmoja tu, wa 14 umeachwa mtupu, na doa linalopenya limeachwa lifanye kazi yake.

Wiki ya 6: kukunja na kushona

Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, hivyo kuikunja kuwa A5 ni kukata nyuzi. Gramu 80 huvumilia. Jalada la gramu 200 hupasuka na wino huchubuka kwenye mkunjo. Limepigwa mstari kwanza kwa kalamu ya bairo iliyokwisha wino, kwa rula ya chuma, kisha kukunjwa na kubanwa kwa mgongo wa kijiko.

Matundu matatu kwa msharasi: moja katikati, milimita 105, na mengine milimita 45 kutoka kila ncha. Uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, sentimita 60 kwa kila kijitabu, yaani mita 24 kwa vyote. Sindano itoke nje kwa tundu la katikati, iingie la juu, ipite ndani mpaka la chini, itoke, irudi ndani katikati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili tofauti za uzi mrefu wa ndani, ndipo zifungwe. Zikikaa upande mmoja fundo huteleza. Pini za stepla zingemaliza kazi kwa saa moja, ila hupata kutu upesi katika hewa ya pwani.

Karatasi za ndani zimechomoza karibu milimita moja kuliko jalada. Zimekatwa kwa kisu kipya baada ya kushonwa, milimita mbili, viharusi vyepesi vingi badala ya kimoja cha nguvu.

Hadi leo vimeshonwa 22. Vilivyobaki vinangoja: chapa za katikati bado zinanata siku ya tano, zimetenganishwa kwa magazeti, na moja imeacha vidole vinne kwenye ukurasa wa michezo.