Kiapo cha magharibi

Kila ifikapo tarehe 30 Desemba huvikumbuka viapo viwili vya Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya. Alivila tarehe hiyohiyo, vikipishana miaka mitano, na bado siamini kwamba ni nchi ileile.

Mwaka 2002 aliapishwa Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kwa sababu ya ajali ya barabarani. Uwanja ulifurika, watu wakifurahi kana kwamba wanaapishwa wao.

Kile cha 2007 ndicho kinachonikaa moyoni. Jioni ile Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alimtangaza Kibaki mshindi wa urais kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za mpinzani wake Raila Odinga. Baada ya muda mfupi tu, giza likianza kuingia, runinga ilituonyesha bustani ya Ikulu: viti vichache, wakubwa wa serikali, na Jaji Mkuu Evan Gicheru akimwapisha. Wananchi hawakuwepo. Nilitazama nikihisi baridi tumboni, maana haraka ile ilisema mengi kuliko maneno ya kiapo. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Ndiyo maana nikisoma kifungu cha 141 cha Katiba ya 2010 naona kovu. Kinataka rais mteule aapishwe hadharani, mbele ya Jaji Mkuu au naibu wake. Sheria ya 2012 kuhusu kuapishwa kwa rais ikaongeza hata saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nani angeweka saa katika sheria kama hakuwahi kuumizwa na kiapo cha magharibi? Na aliyeitia saini Katiba hiyo, mchana, pale pale Uhuru Park, ni Kibaki mwenyewe. Kwa hilo namheshimu.

Lakini mchana peke yake hautoshi. Tarehe 28 Novemba 2017 Uhuru Kenyatta, aliyemrithi Kibaki, aliapishwa kwa muhula wa pili katika uwanja wa Kasarani, jua likiwaka, uwanja umejaa, kila saa ya sheria imefuatwa. Siku hiyohiyo, kwingineko Nairobi, polisi walikuwa wakiwarushia vitoza machozi wafuasi wa upinzani waliotaka kukusanyika katika uwanja wa Jacaranda. Hao nao walikuwa wananchi, na kiapo kile kiliwahusu.