Bombo, baraza zimekwenda wapi?

Mliokulia Bombo, mji wetu wa Wanubi wilayani Luwero, Uganda, hamhitaji kuelezwa baraza ilikuwa nini. Alasiri mikeka inatandikwa, akina mama wanasuka tabaga, zile sinia zetu za kusukwa, kahawa ya tangawizi inapita, na mvua ikinyesha hanyanyuki mtu, maana paa lilishuka mpaka mrefu akawa anaingia kwa kuinama. Nimerudi kutoka Uingereza baada ya miaka mingi, napita mtaani saa kumi na moja jioni, milango imefungwa. Watu wako ndani na feni zao.

Nimefikia kwa binamu yangu. Nyumba yake ya kisasa kama za majirani: paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo karibu toka sakafuni hadi darini, sebule inatazama magharibi ili ionekane barabarani. Ramani kainunua mtandaoni, ya nchi gani hata yeye hajui. Jamani, sisi tuko jirani na Ikweta! Adhuhuri jua liko utosini, paa linalibeba. Likianza kushuka linaingia dirisha la magharibi mzimamzima, Januari hadi Desemba. Madirisha makubwa huwekwa kaskazini na kusini, na upande wa jua unatoboa kidogo, tena chini ya paa lililotokeza mbele. Wazee wetu hawakusomea hayo chuoni. Jioni sebule ya binamu ni tanuri, na pazia zito limeshushwa mbele ya vioo vya bei mbaya. Kanunua mwanga, kisha kanunua kitambaa cha kuuzuia.

Mvua nayo haikukawia. Majani ya mwembe yaliziba bomba la ule mfereji uliofichwa juu, maji yakajaa, doa la kahawia likatambaa darini hadi juu ya televisheni. Akaitwa fundi, mzee wa hapahapa. Nikamuuliza, hamkuliona hili?

"Tuliliona siku ya msingi, Hajji. Lakini mwenye nyumba alitaka ile picha ya kwenye simu."

Tulicheka, kisha kicheko kikanikwama. Huyu anajua upepo unatoka wapi, maji yanakimbilia wapi, udongo wa kichuguu kipi unatoa tofali linaloshika. Analipwa afuate mchoro wa mtu asiyewahi kuloa mvua ya Luwero. Na shangazi je? Kawekewa jiko la ndani lenye makabati, lakini anapika uani, chini ya bati alilolisimamisha mwenyewe juu ya nguzo nne. Hakuna aliyemuuliza anapikaje, na kwa watu wangapi.

Kinachonichoma ni Entebbe. Mwaka 2021 Emergency, shirika la Kiitaliano la misaada ya matibabu, lilifungua pale hospitali ya upasuaji wa watoto, iliyobuniwa na Renzo Piano, msanifu majengo Mwitaliano mwenye jina kubwa duniani. Kuta zake ni za udongo uliochimbwa palepale kiwanjani, ukashindiliwa tabaka juu ya tabaka. Wageni wanakuja kupiga picha udongo wetu, na sisi tunaita nyumba ya udongo aibu ya ukoo.

Wajaluo, Wabasoga, Wanubi, wote mbio zile zile. Angalau Kasubi imetukumbusha kidogo. Makaburi yale ya makabaka, wafalme wa Buganda, yalipoungua Machi 2010, lile paa la nyasi lenye pete 52 za koo za Buganda halikuwa la kumpigia simu kontrakta yeyote. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. UNESCO waliliondoa eneo hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Hesabuni wenyewe miaka.

Mlioko nje mnaotuma pesa za kujenga: kabla ya ramani, mtumeni mtu akae kiwanjani kutwa nzima, kisha siku ya mvua arudi. Fundi alipwe kwanza kwa maneno yake, tofali baadaye. Na anayepika aulizwe.

Binamu kasoma haya, anasema nina wivu. Kiyoyozi chake kinafungwa Jumatatu.