Boliti Mbili Zilizokatikia Kwenye Chasisi

Mlima wa kutoka Isyonje kwenda Kikondo, huku kwetu Mbeya, ndio ulionijulisha kwamba klachi imekwisha. Nilikuwa nimepakia mifuko 20 ya mbolea, DAP na CAN, na kila nikikanyaga mafuta injini inanguruma, gari halisogei, na harufu ya klachi inayoungua imejaa ndani. Nikashusha nusu ya mzigo kwa jamaa mmoja njiani, nikageuza, nikarudi Uyole taratibu.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, aliniachia marehemu baba. Klachi yake niliwahi kuibadilisha mwenyewe, kwa hiyo kazi sikuiogopa. Ila safari ile ya kwanza nilikuwa bado sijaanza kubeba mbolea. Chumvi ya mbolea inayomwagika kwenye bodi hunyonya unyevu wa hewa, na ikishuka kwenye chasisi inakula chuma mchana na usiku. Miaka minne ya kazi hiyo, pamoja na ukungu na tope la huku kwetu, nikaja kuilipia siku moja chini ya gari.

Klachi huifikii bila kushusha giaboksi, na ili kuishusha sharti uondoe krosimemba, ile boriti ya chuma inayoibeba kwa chini na kuunganisha pande mbili za chasisi. Boliti zake zinapanda kuingia kwenye nati zilizochomelewa ndani ya chasisi. Sehemu ile chasisi ni boksi lililofungwa, nati huioni wala spana haiifikii. Ukiiharibu, au ikang'oka ikaanza kuzunguka pamoja na boliti, itabidi ukate dirisha kwenye chasisi, uchomelee nati nyingine, kisha uzibe. Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa gari, na la baba sikutaka likatwe.

Upande wa kulia zilitoka zote. Upande wa kushoto nikavalisha boksi spana namba 14, nikaongezea bomba, nikavuta. Ikaanza kulegea. Wanaoshika spana wanajua furaha ya kuhisi boliti imekubali. Lakini kulegea kule kulikuwa laini mno, kama unakamua nguo. Boliti inayotoka hukwaruza na kulia. Hii ilikuwa kimya, inajinyonga. Nilipoelewa nilikuwa nimeshachelewa. Kichwa kikabaki ndani ya boksi spana. Nikaenda ya jirani yake kwa uangalifu zaidi, nayo ikakatika, tena vibaya kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa imeacha kisiki cha kama milimita 3 nje ya chasisi. Ya pili ilikatikia ndani, usawa wa nati.

Kijana anayenisaidia akasema tuite mtu wa gesi aichome yote itoke. Nikakataa. Moto wa kukatia ukishaingia pale hauchagui, utaondoka na boliti, nati na uso wa chasisi. Mwingine akaniletea isi auti, zile skrubu za kinyume unazozipigilia kwenye tundu ili zing'ate boliti na kuizungusha. Hiyo nayo nikakataa, na nina sababu. Miaka ya nyuma fundi mmoja alinivunjia isi auti ndani ya stadi, boliti isiyo na kichwa, ya injini. Chuma chake ni kigumu mno kwa biti za kawaida, kwa hiyo ikivunjikia ndani hutoboi tena, unabaki unakwaruza tu. Halafu jinsi inavyozama ndivyo inavyoitanua boliti ikabana zaidi ukutani. Kwa boliti iliyokatika kwa sababu ilikazwa kupita kiasi, inaweza kusaidia. Kwa iliyokatika kwa sababu ya kutu, ikiwa spana yenye bomba imeshindwa, kijiti chembamba vile kitaweza nini?

Jioni nikaenda kwa mzee jirani yetu, mstaafu aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma maisha yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekata boliti."

"Mbili, mzee. Nimeshazipaka mafuta."

"Umepaka wapi?"

"Huku chini, zilipokatikia."

"Kutu haiko huku. Iko juu, mkiani."

Maneno hayo ndiyo yaliyookoa kazi nzima. Boliti ile ikishapita kwenye nati, ncha yake inachomoza juu, ndani ya boksi la chasisi, kwenye vumbi, maji na mbolea. Kipande hicho cha nyuzi, ile mistari ya kujizungusha ya boliti, kisichoshikwa na kitu ndicho kinachovimba kwa kutu. Ukifungua boliti, unalazimisha nyuzi zilizovimba zipite kwenye nati safi, nazo zinakwama. Mafuta niliyopaka kwa chini yalikuwa yanapigana na mvuto wa ardhi, na hayakufika huko.

Kwenye ubavu wa chasisi kuna matundu ya kiwandani. Nikamulika tochi nikaziona ncha zote mbili, zimefura kama mihogo iliyooza. Nikapinda waya, nikafunga kipande cha brashi ya chuma, nikasugua kupitia tundu hadi mkono ukafa ganzi. Kisha nikachanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu na asetoni nusu. Vitu hivi viwili havishikamani, lazima utikise chupa kila unapotumia. Nikachukua bomba la sindano, nikaunganisha na mpira wa dripu, nikaupitisha tunduni hadi juu ya ncha, nikadondosha tone moja moja. Asubuhi, mchana, jioni, kwa siku mbili. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole unaijua, na kulala chali kwenye boksi la karatasi si raha. Ila siku ya pili niliona mafuta ya rangi ya kahawia yakichuruzika pembeni ya kisiki cha ile ya kwanza. Yalikuwa yamepenya nyuzi zote, kutoka juu hadi chini.

Siku ya tatu mzee akaja na mashine yake ya kuchomelea. Kwanza nikachomoa betri, nikasogeza nyaya, nikafunika paipu ya breki kwa gunia lililolowa, na ndoo ya mchanga nikaiweka karibu. Gari lilikuwa limekaa juu ya magogo manne ya mkaratusi, jeki nikaiacha kama ulinzi wa ziada tu. Klempu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, tuliibana kwenye chasisi jirani kabisa na boliti.

Kisiki tukakisugua kwa grainda hadi king'ae. Mzee akaweka washa kwanza, kile kipete bapa cha chuma, tundu lake likakaa sawasawa na kisiki, akachomelea kuanzia katikati ya boliti kwenda nje kwa kijiti cha kuchomelea cha namba 12. Juu ya washa akaweka nati, akajaza ndani yake. Nati ya kwanza iling'oka nilipoigusa na spana. Umeme ulikuwa mdogo, chuma kilikuwa kimelala juu bila kushika. Tulipotaka kurudia, umeme ukakatika kabisa, tukakaa tunakunywa chai hadi saa kumi.

Uliporudi, nati ya pili ilishika. Mzee akanizuia mkono. "Acha inywe moto." Tukaitazama ikitoka kwenye wekundu kuelekea weusi. Ninavyoelewa mimi, hapo ndipo kazi inapofanyika. Chuma cha unene wa milimita 10 kikipanda nyuzi joto 500 kinatanuka kama milimita 0.06, unene wa unywele, kisha kinapopoa kinasinyaa tena. Boliti inatanuka ikiwa imebanwa na nati, inaminyika, na ikisinyaa inakuwa imejiachia kidogo, na ile kutu iliyokuwa gundi inapasuka. Mafuta peke yake hayafanyi hivyo. Bado ikiwa ya moto, nikaigusa na mshumaa tunaouweka kwa siku za umeme kukatika. Nta ikayeyuka ikanyonywa kwenye nyuzi mbele ya macho yangu.

Sikuanza kwa kufungua. Nilikaza kwanza, kidogo sana, mpaka nikasikia "tik". Nikarudisha. Nikakaza, nikarudisha. Robo ya robo mzunguko. Ikaanza kulia, na sauti ile niliipenda, kwa sababu boliti inayojinyonga huwa kimya. Kila ikigoma nilirudi nyuma, nikadondosha mafuta juu, nikaendelea. Dakika 20 hivi kwa boliti ndefu kama kidole. Ilipotoka nikapiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Mzee nikamwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka, akanionyesha ya pili.

Ya pili hatukuweza kuichomelea, imezama, na kujaza moto ndani ya tundu kungeishika na nati pamoja. Hiyo ni ya kutoboa, na ugumu wa kutoboa ni kupata katikati. Ukienda pembeni unakula nyuzi za nati. Unatoboa kuelekea juu, umelala, sehemu iliyokatika ina mteremko, na biti inateleza kwenda upande ulio laini.

Suluhisho lilitoka kwenye kile kipande chenye kichwa nilichokwisha kukitupa. Nikakata kichwa, nikafunga shina kwenye vaisi, nikalitia alama katikati kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha kali, nikiwa nimekaa vizuri na mwanga wa kutosha, nikalitoboa tundu la milimita 5 kutoka mwanzo hadi mwisho. Likawa bushi, kijibomba cha kuongozea biti. Nikalisukumia kwenye tundu la boliti ya krosimemba kwenye uso wa chasisi, likakaa bila kucheza, na biti ikapita ndani yake moja kwa moja hadi katikati ya boliti iliyokatika. Mwendo wa drili mdogo, mkono mzito, mafuta kila baada ya sekunde chache. Biti ikipiga kelele bila kutoa vinyweleo vya chuma, simama uinoe, kwa sababu kusugua kunakifanya chuma kiwe kigumu zaidi. Na vaa miwani. Vumbi lote linashuka usoni.

Baada ya milimita 5 nikaondoa bushi, nikaingiza 6.5, kisha 8. Nilikusudia kwenda hadi 8.8, halafu nichokonoe mabaki ya nyuzi kwa ncha ya tindo nyembamba. Sikufika. Katikati ya 8 biti ikang'ata, drili ikanishtua mikono, na ile ngozi nyembamba ya boliti ikaanza kuzunguka pamoja na biti. Biti inazunguka upande wa kukaza, kwa hiyo ikawa inapanda. Ikapanda ndani ya nati ikatokea juu, ikaanguka ndani ya chasisi: kling. Isingezunguka kirahisi hivyo kama nisingeilowesha siku zile mbili. Nilikitoa kile kipande kwa sumaku ya spika bovu niliyoifunga kwenye waya.

Iliyobaki ilikuwa kusafisha nyuzi za nati. Dukani walinipa tepu, kifaa cha kukatia nyuzi, ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5 kati ya uzi na uzi, ndiyo inayouzwa sana. Boliti hizi ni za 10 kwa 1.25. Nilikuwa nimebeba boliti nzima ya upande wa kulia mfukoni, nikailaza nyuzi kwa nyuzi na ile tepu, zikapishana. Ningeingiza ile ya kwanza ningeharibu kwa dakika moja kile nilichokilinda siku nne. Tepu sahihi iliingia kwa mkono, na grisi, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ikatoa unga mwekundu. Nati zote mbili zilikuwa nzima.

Boliti mpya nilinunua za daraja la ugumu la 8.8, nikazipaka grisi hadi kwenye ncha za juu zinazochomoza, na ndani ya chasisi nikapuliza grisi nyingine kwa ule ule mpira wa dripu. Klachi ikaingia siku hiyo hiyo, hiyo haina hadithi. Siku hizi nikishusha mbolea nalala chini ya gari na mpira wa maji kabla sijala.

Mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeshaanza, nilizifungua zile boliti mbili makusudi, moja baada ya nyingine. Spana fupi, bila bomba. Zilitoka kwa vidole baada ya mzunguko wa pili, na grisi ilikuwa bado na rangi yake.